Kiputo cha Stara

Kijiwe chetu cha Ipagala kinatazamana na jengo la ghorofa nne ambalo halijaisha kujengwa. Jumamosi ile kahawa ilikuwa hainyweki. Puu! Stara, binti wa Hamidu fundi wa kuchomelea, alikuwa juu kule anaachia boksi, linatua kwenye rundo la magodoro. Mara ya sita hiyo. Ndani kafunga chupa ya mafuta ya kula na simu inayorekodi. Eti kazi ya chuo. Hamidu kajiinamia, aibu tupu.

— Hamidu, mtoto anaumwa, alisema Charles, tunayemwita Mstaafu.

— Haumwi. Anasema kitu kikiwa kinaanguka, vilivyomo vinaelea. Kama kule angani.

— Uzito unaenda wapi? Daudi Redio akadakia, huyu hazimiki.

— Unaniuliza mimi?

— Anapima ardhi huyo! Wanaleta roketi pale stesheni ya Ihumwa. Treni kwisha habari yake!

— Daudi, nyamaza, nakuomba.

Stara akaja mbio, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamooni. Baba, simu yangu imekufa. Naomba yako, ripoti ni Jumatatu.

— Usimpe! tukapiga kelele wote, na mimi nikiwemo.

— Stara, tangu asubuhi nachekwa kwa ajili yako. Unatafuta nini humo?

— Kiputo cha hewa, baba. Kwenye mafuta kinapanda juu. Nataka kuona boksi likianguka kinafanyaje. Hata chuma kikiyeyuka, hewa ikinaswa ndani...

— Kinatoka na vitundu, Hamidu akamalizia, taratibu.

Miaka ishirini wateja wanamrudishia mageti kwa sababu ya vitundu hivyo. Akamtazama bintiye, kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa simu.

Puu!

Safari hii Stara alituonyesha, picha ikienda polepole. Kiputo kinapanda, kinapanda. Boksi linaachiwa. Kikasimama palepale katikati ya mafuta, duara kama gololi, mpaka lilipotua. Stara akachukua boksi, akarudi juu kurudia.

Paulina muuza mboga, aliyekuja tu kununua kahawa, alikuwa kachungulia nyuma yetu.

— Sasa mbona kilisimama?

Mstaafu akakohoa. Daudi akachungulia kikombe chake. Sote tukamgeukia Hamidu.

— Sijui, mama.

Akaweka kikombe chini, akavuka barabara, akaanza kupanda ngazi kumfuata mwanawe.