Nimekuja Kuifuta Toba Yangu

Bwana apewe sifa, lakini amina zenu ziwekeni kwanza. Wengi mnanikumbuka. Mwaka juzi nilisimama hapa hapa, nikatubu uzinzi, mkaimba, mkanipa mikono. Leo nimetoka Iringa kuja kuifuta toba ile.

Ndugu zangu, nawaambia, mimba tatu zimeniharibikia, zote kubwa, mtoto keshacheza tumboni. Ya kwanza ilikuwa mwaka ule tulipohamishiwa kijiji hiki. Ya tatu, kliniki wakanipima damu, wakasema nina kaswende. Mume wangu akapimwa, hana. Simtaji jina, yumo humu, anaangalia viatu vyake. Basi ikawa, kama mume hana, mke kaitoa wapi? Nikachomwa sindano mpaka kukaa siwezi. Nikapimwa tena, bado ipo. Wazee wa kanisa wakasema huyu haachi. Nikatengwa. Miaka miwili nimekaa benchi la nyuma, Meza ya Bwana naiona kwa mbali, nanyi kina mama mnakusanya kanga zenu nikipita.

Nilichoka. Mtu akichoka husema lolote. Nikatubu nisichofanya, na mlipodai jina la mwanaume nikabuni mchimba dhahabu wa Chunya, mpita njia, nisije nikamchafua mtu. Mkaridhika. Mume wangu hakungoja hata jioni, akanitolea vyombo nje.

Nikaenda kwa dada yangu Ipogolo, kule Iringa. Mwezi haujaisha, mguu wa kushoto ukavimba, kukanyaga siwezi. Dada akanipeleka hospitali. Daktari wa pale alikuwa mtu wa maswali: mimba ngapi zimeharibika, zikiwa na miezi mingapi? Nikamweleza yote, na ile kaswende ya kliniki. Akasema damu imeganda ndani ya mguu. Ajabu, ile aliyonitoa akaitia kwenye kichupa ikachelewa kuganda. Akaituma Dar es Salaam, ikapimwe kwa kipimo kingine, kinachotafuta kaswende yenyewe.

Majibu yalipokuja, alivuta kiti akakaa.

"Mama, wewe hujaugua kaswende hata siku moja."

Akanieleza kwamba mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, ila wangu wamegeuka, wananipiga mimi mwenyewe. Hao ndio wanaogandisha damu, hao ndio waliokidanganya kipimo cha kliniki, na huenda hao ndio walioniulia watoto. Ugonjwa wenyewe, alisema, madaktari bado wanajifunza. Akanipa vidonge vya kuzuia damu kuganda. Mguu ukapona.

Mnadhani nilifurahi? Nililia kwa hasira. Nilifiwa mara tatu, na ile ya tatu hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunipa pole.

Namshukuru daktari yule kwa kuuliza. Namshukuru dada yangu, aliyenifulia na kunibeba mgongoni bila kuniuliza kitu. Nanyi nawaachia neno moja: kipimo husema kuna kitu kwenye damu. Hakisemi mtu alilala wapi. Hilo mlilisema nyinyi.

Nina dhambi moja tu ya kutubu mbele yenu, ule uongo wa mtu wa Chunya. Huo nautubu. Uzinzi siuchukui tena.

Na wewe mwenzangu uliyewekwa benchi la nyuma leo, nimekuona nilipoingia. Sikuulizi umefanya nini. Njoo tukae huku mbele.