Matanga ya Masha Bila Mnazi

Wazee wetu, mchungaji, majirani wa Garsen na jamaa mliotoka Kau, poleni kwa msiba huu uliotufika sote, mimi ni Jumwa, dadake marehemu, familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinicheka kwamba nikishika maneno siachii, leo nivumilieni.

Gershom Masha alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974 kijijini Kau, mtoto wa pili wa marehemu baba na mama yetu tuliye naye hapa, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1982, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1989, kisha akashika jembe pamoja na baba. Mwaka wa 1996 alihamia Garsen, akafanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga mpaka akapata kipande chake kando ya mto, akalima mahindi na ndizi, na jamani, shamba la Masha lilikuwa linapendeza. Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Kanze, wakajaliwa watoto watatu, Kadii, Pekeshe na Muna.

Hapa sitawaficha, maana mwenyewe hakuwahi kuficha. Mnazi, pombe hii yetu ya kugema, ulimkamata kaka yetu, ukamfanya mtumwa, hata mwaka wa 2013 Kanze akabeba watoto akarudi kwao, na hakuna aliyemlaumu.

Mwezi wa Machi 2016 ng'ombe wa Jarso, huyu mfugaji Morma mnayemwona pale, waliingia kwenye shamba la Masha wakafyeka mahindi mabichi yote, na mmoja akavimba tumbo akafa papo hapo. Wazee wa pande zote mbili wakaja mbio kabla vijana hawajashika fimbo, wakamtafuta mwenye shamba aseme lake, wakamtafuta mwenye ng'ombe ajitetee, wote hawaonekani, kumbe wako mangweni, kule kunakouzwa mnazi, walevi wawili wamelala fofofo juu ya mkeka mmoja! Watu walicheka mpaka wakakaa chini, lakini wale wawili walipozinduka na kuona yaliyotokea hawakucheka, walilia, na tangu siku ile Masha na Jarso hawakuachana tena.

Waliacha pombe pamoja, mwaka uliofuata wakampokea Liban wa Kipini, aliyekuwa akihangaika na unga, yale madawa ya kulevya, wakawa wanakutana kwa Jarso kunywa chai ya maziwa na kuambiana ukweli bila kuoneana haya. Masha aliteleza mara mbili, na zote mbili ni matangani, kwa sababu sisi Wagiriama tunajuana, msiba kwetu bila mnazi twauona si msiba. Mara zote mbili Jarso alimfuata, akambeba, akalala mlangoni pake hadi kukakucha, bila kumsimanga.

Ndipo wakajiwekea desturi yao, penye msiba wafike mapema, wachimbe kaburi, na mitungi ikianza kuingia wajiondokee. Mmewasema sana kwa hilo, eti wana maringo, kumbe walikuwa wanaokoa roho zao. Mwaka wa 2018 Kanze alirudi nyumbani na watoto, na tangu hapo hajajuta.

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Septemba 2025 alfajiri akatutoka, Kanze akiwa amemshika mkono. Alikuwa ameacha neno moja, kwamba matangani kwake mnazi usiingie, ili wenzake, angalau mara hii moja, wabaki hadi mwisho. Baba mdogo alikataa katakata, akasema koma za ukoo, roho za wazee waliotangulia, zitatukasirikia, tukabishana hadi Alhamisi, mwishowe akasema koma atazipa haki yao mwenyewe kule Kau siku nyingine, na kwamba Masha alikuwa mkaidi tangu tumboni. Tangu jana baba mdogo, ambaye mnamjua vizuri, anakunywa chai. Baba mdogo, ahsante sana, najua si kazi ndogo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, wakulima wenzake waliotuletea mahindi na ndizi, na kanisa. Nanyi mlioficha vidumu nyuma ya choo, tumewaona, viondoeni.

Jarso, Liban, kaburi mmelichimba vizuri, sasa nawaona mmebeba majembe mnaanza kusogea kuelekea njiani kama mlivyozoea. Rudini, wekeni majembe chini, viti vyenu ni hivi vya mbele, karibu na mama.

Haya, kaka, wamekaa. Pumzika sasa kwa amani, Masha wetu.