Taa ya Manjano ya Salimu

Kahawa yangu huiuzia kando ya benchi la Kona ya Musa, Ukunda. Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tisa, Salimu alilisimamisha gari lake mbele yetu bila kulizima, akashuka uso umemsawijika. Mkewe Mishi alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali ya Msambweni na mtoto wao wa kwanza, na Salimu ndiye wa kwenda kuwachukua. Kiti cha nyuma alikuwa amekitandikia leso mpya na mto. Lakini gari lilikuwa likikohoa, likitoa moshi mweusi, na taa ya manjano yenye picha ya injini ilikuwa imewaka tangu Tiwi, akirudi kutoka mjini kununua leso hiyo.

— Naogopa lisije likanizimikia njiani na kichanga, alisema.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Mwinga, dereva wa malori wa zamani, tunayemwita Gasketi.

— Plagi hizo. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Plagi nimetia mpya juzi, mzee wangu.

— Basi hizo mpya ndizo mbovu.

Lennox akatikisa kichwa. Yeye ni mtu wa bara, fundi wa jenereta katika hoteli moja ya Diani. Jina lake la kijiweni ni Volteji.

— Zii, maze. Hizi gari za siku hizi ziko na kompyuta. Kuna sensa za kupima joto, hewa, kila kitu. Moja ikikufa, taa inawaka.

— Sensa? akadakia Kavumbi, mfugaji wa Kinango, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Si wamesema sensa ni ya watu? Sasa wanahesabu hata magari?

— Sensa ingine, buda!

— Basi mimi nishaelewa. Gari limetoka Japani kwa raha zake, likaletwa kwenye mashimo yetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Limekataa jembe! Kwa taa hiyo linatushtaki kwa Wajapani. Kompyuta husema na kompyuta. Saa hizi huko kwao kuna mtu kashika kichwa: “Jamani, gari letu liko Ukunda!”

Tulicheka sote. Salimu hakucheka. Aliitazama barabara ya Msambweni.

Volteji akafungua boneti, akatoa kipande cha waya mfukoni.

— Nilionyeshwa na jamaa mmoja Nairobi. Unaunganisha hivi vitundu viwili, taa inapepesa, unahesabu, hiyo namba ndiyo inasema ugonjwa. Lakini zima injini kwanza.

— Na likikataa kuwaka tena?

— Trust me.

Salimu akalizima. Gasketi akautazama ule waya, akasema kwa masikitiko:

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Volteji akaunganisha vitundu, akafungua swichi bila kuwasha injini. Tukaingiza vichwa dirishani. Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena.

— Nne! alipiga kelele Gasketi.

— Tano, alisema Redio.

— Wewe umehesabu na kope zako! Volteji akamwambia. Ni mbili na mbili: ishirini na mbili!

Tulirudia mpaka hata Redio akakubali. Tukapeana mikono. Nikamimina kahawa duru nzima, na Salimu akatabasamu.

Hapo pikapu ikasimama ng'ambo ya barabara. Mishi akashuka na kichanga kifuani.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, mama, tuliitikia.

Salimu alimkimbilia.

— Mishi, nilikuwa naja! Gari liliharibika, lakini ugonjwa tumeupata. Ni ishirini na mbili!

Mishi alimtazama, kisha akatutazama sisi.

— Ishirini na mbili ndiyo nini?

Salimu akamgeukia Volteji. Volteji akautazama waya wake.

— Yule jamaa wa Nairobi... hapo hatukufika.

Gasketi akachungulia kikombe chake. Redio alikuwa kimya, mara ya kwanza tangu nimjue.

— Haya, mshike mwanao, alisema Mishi. Nyumbani si mbali. Gari litatufuata likipenda.

Salimu alijifuta mikono kwenye shati, akampokea mtoto, akamkinga jua kwa kofia yake. Wakaondoka, yeye akikanyaga kama mtu apitaye juu ya mayai. Hawakufika mbali, mtoto akalia. Salimu akasimama ghafla.

— Mishi! Ana nini?

— Ana njaa. Twende.