Masele na Damu Aliyoificha Duarani

Wasikilizaji wapendwa, mliokwisha kurudi kutoka shambani na mlio bado jikoni, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Masele, mchimbaji dhahabu wa Nyarero, hapa Tarime. Masele amefariki kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa akiona damu chooni, na hakumwambia mtu.

Masele alikuja Tarime kutoka Usukumani wakati wa rashi, dhahabu ilipoonekana na watu wakamiminika. Alikuja na mdogo wake, Athanas. Hapa akamuoa Wegesa, wakampata binti, Huruma. Alikuwa mtu wa utani. Akirudi uso umejaa vumbi jeupe, humwambia mtoto, "Mwambie mama mzungu wake amefika."

Kwa nini alificha? Kwenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia, kulikuwa na mwiko. Anayetoka damu hashuki. Walisema damu inafukuza dhahabu. Hata ukijikata kidole, unakaa juu mpaka kikauke. Na asiyeshuka hana mgao.

Basi Masele akanyamaza. Alikawia chooni, wenzake wakamcheka. Dullah, fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, alimpigia kelele: "Wewe Msukuma, huko umeoa?"

"Mke mdogo," akajibu Masele. "Ana gubu huyo!"

Dullah alinisimulia hayo huku akilia.

Siku alipoanguka, Wegesa alimpeleka hospitali. Saratani ilishafika kwenye ini. Wegesa akauliza, "Daktari, inakuaje haraka hivyo ndani ya mtu?"

Daktari akaeleza taratibu. Seli ya utumbo, kabla ya kugawanyika, hunakili vinasaba vyake, yale maelekezo ya mwili. Zinazonakili ni protini. Kwenye seli yenye afya, protini hizo hufanya kazi zikiruhusiwa, kisha hutulia. Kwenye saratani ile, breki zimeharibika. Protini za kunakili zimezidi, hazitulii, na makosa nayo yananakiliwa. Seli inazaa seli, uvimbe unakua.

"Kumbe ni karasha lisilozimwa," akasema Wegesa.

"Ndiyo, mama. Wataalamu wanatafuta dawa za kuzizima. Lakini uvimbe ukiwahiwa, tunaukata. Ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe."

Masele akageukia ukuta. "Mama Huruma, niliogopa kupandishwa juu."

Wegesa alimfikishia Athanas ujumbe wa daktari. Athanas akamjibu, "Mimi mzima, shemeji."

Mwezi uliopita tulimzika Masele. Heche, mwenye duara, alisimama kutoa pole. Hajamaliza, Athanas akasema, koleo mkononi, "Na mimi natoka damu."

Wegesa akamnyang'anya koleo.

"Shemeji, kaka yako watamfukia wengine. Wewe nenda."

"Nimwache kaburi wazi?"

"Nenda, Athanas!"

Heche aliwasha pikipiki yake, akampakia. Tuliendelea kufukia bila mdogo wa marehemu, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa. Siku ile hakuna aliyeliita aibu.

Athanas amekutwa na uvimbe mdogo, haujasambaa. Anasubiri kupasuliwa.

Pole Wegesa. Pole mwanangu Huruma. Poleni Usukumani kote. Nawe unayenisikiliza, kama kuna damu unayoificha, mgeukie aliye karibu nawe. Mwambie sasa hivi, hata kabla sijazima kipaza sauti hiki.