Birika la Kipande Namba Nne

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama kuna chungu motoni, punguzeni moto. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetuchekesha mpaka mbavu zikauma. Tulimwita Mama Birika. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja.

Mama Birika alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa nchi kame kwa miaka ishirini na mbili. Narudia, ishirini na mbili. Kila asubuhi alipiga magoti, akahesabu nyasi shina moja moja, akaandika daftarini. Na ole wako ukanyage nje ya njia! Alisema ardhi kame ina ngozi yake, nyembamba na hai, inayoshika udongo usipeperuke. Ukiikanyaga, inachukua miaka kupona. Mimi mwenyewe nilifokewa, nikiwa na kinasa sauti mkononi, na kila neno likarekodiwa.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Watafiti walitaka kujua: dunia ikizidi kupata joto na mvua ikapungua nusu, malisho yetu yatakuwaje? Wakaezeka paa za plastiki juu ya vipande sita vya ardhi, ili nusu ya mvua isifike chini. Vipande vitano vikakauka. Nyasi zikafa, upepo ukabeba udongo. Kipande namba nne kikabaki kijani kibichi.

Watafiti nusura wacheze ngoma. Walidhani wamepata nyasi zisizojali ukame, wakapanga kuwagawia wafugaji mbegu zake.

Kumbe bwana! Kipande namba nne kilikuwa chini ya dirisha la jiko la kituo. Mama Birika alizionea huruma zile nyasi. Kila asubuhi, akishamaliza chai, alijaza birika maji akazimwagia. Misimu mitatu mfululizo. Binti yake anasema mama hakuona kosa, maana lilikuwa birika moja tu.

Siku ya kugawa mbegu, ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa kaka yake Mama Birika, mfugaji, na gunia tupu mapajani. Ukame ulikuwa umemaliza nusu ya ng'ombe wake. Alitaka kupanda mbegu hizo kwenye malisho yote aliyobakiwa nayo. Dada mtu akamwona. Akinyamaza, kazi yake inabaki, lakini kaka anaangamia. Akasimama.

"Kaka, kunja gunia lako. Nyasi hizi nilizinywesha mimi."

Kaka yake akauliza taratibu alizinywesha kwa nini. Akajibu, kwa birika. Watu wakaangua kicheko, na jina likamganda siku hiyo hiyo.

Mkurugenzi hakucheka. Alimwambia aende nyumbani. Kesho yake asubuhi akamfuata mwenyewe, akasimama mlangoni, akamwambia, "Mama, rudi kazini. Mtu aliyejiumbua mbele ya kaka yake, daftari lake nitaliamini."

Akarudi. Tangu siku hiyo, kila alipoandika hesabu ya nyasi, aliongeza maneno mawili: sijatia maji.

Bila birika, kipande namba nne kilikufa mwaka uliofuata. Mama Birika alikililia kama ndugu. Utafiti ulipoisha, paa zikaondolewa. Yeye akakizungushia kipande hicho uzio, akafukuza mbuzi, akasubiri. Miaka sita akaandika sifuri. Sifuri, sijatia maji. Alistaafu, na bado alikwenda kila asubuhi. Mwaka wa saba mvua mbili nzuri zikafuatana, shina moja likatokeza. Siku mbili kabla ya kufariki aliandika: kumi na moja, sijatia maji.

Kwa binti yake, kwa kaka yake, kwa wenzake wa kituoni, sisi hapa studio tunawapa pole ya dhati. Tumempenda, na tutamkosa sana. Nanyi wasikilizaji, mvua zinabadilika na malisho yanapungua mbele ya macho yetu. Tujiulize, je, tunasema tunachokiona, au tunachotamani kukiona?

Kaka yake ananiambia lile gunia bado analo, limekunjwa, na anangoja.

Na leo asubuhi, kabla sijaingia hapa, binti yake alinipigia simu. Alikuwa amepiga magoti kwenye kipande namba nne, daftari la mama mkononi. Akanisomea alichoandika.

"Kumi na mbili. Sijatia maji."