Shangazi wa Safari Anapumzika

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, tarehe thelathini, Mratibu wa Safari za Vijana wa kituo chetu atakabidhi funguo za ofisi baada ya miaka ishirini na nane ya utumishi. Jina lake limeandikwa mlangoni, lakini hakuna anayelitumia. Kwa vijana, wazazi, walinzi na hata mwenyekiti wa bodi, yeye ni Shangazi.

Alianzia mapokezi. Kwa kuwa kila aliyepotea njia humu ndani aliishia mezani kwake, wakubwa wakaona afadhali apewe kazi ya kuwapeleka watu mbali zaidi. Ndivyo alivyokabidhiwa kundi la kwanza la vijana wa kwenda nchi ya nje, kuishi wiki tatu na familia za wenyeji, kujifunza maisha yao na kujitolea katika shule yao. Alirudi nao wote, na wakati ule hayo yalihesabiwa kuwa mafanikio makubwa.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na rufaa. Begi ni moja, na mwenye begi alipandishe mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, Shangazi akitazama. Kuna mama aliyemfungashia mwanawe pasi, mito miwili na ndoo. Shangazi hakumgombeza, alimwomba tu abebe yeye. Ghorofa ya kwanza ndoo ilikuwa imeshabaki nyuma, ya pili ikabaki mito. Pasi ilifika juu, maana mama naye alikuwa mbishi.

Yuko pia baba aliyepiga simu kila jioni kuuliza kama binti yake amekula. Mwishowe Shangazi akamkabidhi simu baba mwenyeji wa binti huyo. Wazee hao wakazoeana, wakawa wanazungumzia bei ya mbolea na maumivu ya magoti, mtoto akasahaulika kabisa, akala kwa amani.

Lakini mtihani wenyewe ulikuja mwaka wa sita wa safari hizo, pale mwalimu mkuu wa shule ya wenyeji alipotuma ujumbe mfupi: mwaka huu tunaomba msije. Bodi iliupokea vibaya. Mwenyekiti alisema wazi kwamba mtu anayekataa msaada ameshiba, na akataka safari zifungwe moja kwa moja. Shangazi aliomba wasubiri kwanza, akafunga begi lake moja, akaenda peke yake.

Mwalimu mkuu alimpokea kwa heshima zote na hakumwambia lolote. Aliyesema ni mama wa nyumba aliyozoea kufikia, jikoni, wakichambua maharage. Madarasa yale yalikuwa yamepakwa rangi mara tano kwa miaka mitano. Kila vijana wetu walipofika, watoto walitolewa wakasomee uwanjani, ili wageni wapate kuta za kupaka. “Tunawapenda, dada,” alisema yule mama, “lakini undugu gani huu wa upande mmoja? Nyinyi kwetu mmeshajua hadi paa linapovuja. Sisi kwenu hata mlangoni hatujafika.”

Shangazi alirudi na pendekezo moja: mwaka huo waje wao. Mwenyekiti akauliza watakuja kutusaidia nini, sisi tuna shida gani? Shangazi aliinua macho akatazama dari la ukumbi wetu, na wajumbe wote wakatazama naye. Lilikuwa dari la kutia huruma. Pendekezo likapita.

Wakaja vijana kumi na mwalimu wao mkuu, wakalala majumbani mwetu, wakapaka ukumbi wote, dari na kuta. Rangi walichagua wenyewe: kijani ambacho hakuna mmoja wetu angekivaa. Wiki nzima tulifanya kazi kwenye korido, mafaili mapajani, tukitabasamu kila walipopita na ngazi. Tukijaribu kushika brashi, tunaambiwa tupumzike, wao ndio waliokuja kusaidia. Siku ya kuwaaga, mwenyekiti alitoa hotuba ya shukrani akiwa na kijani kwenye mkono wa koti. Aliposhuka alimnong'oneza Shangazi, na ukumbi mzima ukasikia, maana kunong'ona hajui: “Kumbe kusaidiwa ni kazi!” Shangazi akamwambia ndiyo, mheshimiwa, na wenzetu wameifanya miaka mitano bila kununa.

Tangu hapo safari ni za pande mbili, mwaka huu sisi, mwaka ujao wao, na vijana wetu hawafanyi kazi yoyote kule ambayo wenyeji hawakuiomba. Mara ya mwisho waliombwa jambo moja tu: wakae na watoto wa darasa la pili, na watoto hao wawasomee hadithi. Walirudi wakilalamika kwamba hawakufanya chochote, na mpaka leo wanapigiana simu na wale watoto.

Tunamshukuru mumewe, fundi wa magari, aliyebaki nyumbani na watoto wao watatu huku mkewe akichunga wa wenzake. Kitinda mimba wao aliwahi kumwambia mwalimu kwamba mama yake anafanya kazi stendi. Ushahidi alikuwa nao.

Wiki iliyopita simu ya Shangazi iliita katikati ya kikao, akaipokea akidhani ni mzazi. Alikuwa yule mama wa kule, wa maharage, sauti yake ikisikika mezani kote, akimtaka aende safari moja bila kundi na bila ratiba. Shangazi, aliyevuka mpaka mara nyingi kuliko madereva, akauliza atafanya nini huko siku zote hizo.

“Utakaa, dada. Si umetuletea watu wa kutosha? Sasa jilete wewe mwenyewe.”

Aliomba udhuru akatoka nje, na hatukumfuata.

Shangazi, kituo kizima kinakushukuru. Nenda, na ukifika kubali kusaidiwa. Tunakutakia afya, amani na maisha mema, na kila mlango utakaoingia, ukute wameshakuvutia kiti.