Neville Sowerby wa Injini Namba Moja Avua Ovaroli

Tarehe 31 Oktoba Neville Sowerby anavua ovaroli, baada ya miaka thelathini na minne ya kumtunza Shangazi Mabel, ndege yetu ya mabomu ya enzi za vita, hapa uwanja wa Skelby. Anatimiza miaka sabini, na kwa kanuni ya chama chetu mwenye sabini hashiki spana tena. Kamati imeniomba mimi, Glenda Codd, niandike wasifu huu kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Nimekubali, ila sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: namwonea wivu Neville, na wivu huo nilianza nao wiki yangu ya kwanza.

Neville alikuwa fundi matrekta. Jumapili moja alikuja kuangalia ndege, akiwa na kipande cha mkate wa zabibu na jibini mkononi. Aliwakuta mafundi wetu wakihangaika na injini iliyogoma kuwaka, akauweka mkate juu ya gurudumu, akaingia kazini. Mkewe anasema mpaka leo bado anamngoja kwa chakula cha mchana.

Shangazi Mabel ana injini nne, na kila injini ina mtu wake. Mtu huyo huzungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha, oili isituame ndani, kisha husimama na mtungi wa kuzimia moto mpaka injini ishike. Neville ni wa namba moja, kushoto kabisa. Mimi ni wa namba nne, kulia kabisa. Sasa, kwenye maonyesho ndege huegeshwa ubavu wa kushoto ukiwaelekea watazamaji. Kwa hiyo Neville hufanya kazi mbele ya maelfu ya watu, nami hufanya kazi mbele ya kondoo wa jirani yetu Bwana Dawber. Tena yangu huwashwa ya kwanza, watu wakiwa bado kwenye foleni ya chipsi. Yake huwashwa ya mwisho. Inakohoa, inatoa moshi, propela ya mwisho inashika, uwanja mzima unapiga makofi, na Neville anavua kofia na kuinama utadhani ndege ile kaizaa yeye.

Sifa zake ni nyingi na ni za kweli. Aliifufua namba moja ilipokwama kabisa, sisi wengine tukiwa tumeshakata tamaa. Alikipata kioo cha kibanda cha mpiga bunduki wa nyuma katika bustani ya mzee mmoja aliyekuwa anakifunikia miche ya nyanya, akakipata kwa kumkatia nyasi siku nzima. Televisheni ilikuja kumhoji. Aliyemwonyesha kioo kile kilipo ni mimi, lakini televisheni haikuuliza.

Wale ambao baba zao waliruka na ndege kama hii wasirudi, wao wenyewe sasa ni vikongwe, wakija hapa humkumbatia Neville na kulia begani kwake. Mimi nimekumbatiwa mara moja tu, na yule bibi alikuwa anamtafuta Neville. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu kasifiwa miaka yote na hajatia hata tone, jambo ambalo linakera zaidi.

Sasa nifike kwenye kiti. Ndani ya ndege kuna kiti kimoja cha ziada, na desturi yetu ni kwamba fundi hupanda mara moja tu maishani, katika maonyesho yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mwaka huu, baada ya maonyesho ya Septemba, Shangazi Mabel ameingia hanga kufumuliwa mabawa abadilishiwe mhimili, kazi ya miaka kumi ikienda vizuri. Mimi nina miaka sitini na mitatu. Neville alikuwa anakwenda kukaa kwenye kiti cha mwisho, na zamu yangu ilikuwa haiji tena. Wiki nzima ya maonyesho hayo sikuweza kumtazama usoni.

Asubuhi ya maonyesho alifika amenyoa ndevu na kufunga tai ndani ya ovaroli. Namba moja alishamkabidhi mtu wa namba mbili. Nilikuwa nimemaliza kazi yangu, nimefunga kila kitu, ndipo aliposimama chini ya injini yangu, mbele ya watu wote, pua juu.

"Nasikia petroli," akasema. "Namba nne inavuja."

"Inayovuja ni pua yako."

"Dada, mimi nasema ninachokisikia."

"Miaka yote hiyo hujaigusa injini yangu, leo ndiyo unainusa?"

Rubani wetu, Alastair Keightley, akaingilia. "Ifungue, Glenda. Fundi akisema kuna harufu, mimi siruki."

Nikaifungua kwa hasira. Kuniaibisha siku kama ile! Nikapapasa kila bomba, nikakaza kisichohitaji kukazwa, nikafunga.

"Kavu kabisa. Umeridhika, bwana mkubwa?"

Akamgeukia Keightley. "Injini imefunguliwa siku ya kuruka. Sheria inasemaje?"

Sheria hiyo ni ya tangu vita, na Skelby hakuna anayeichezea: anayefungua injini siku ya kuruka lazima apande nayo, ili aifunge kama mtu anayependa roho yake. Keightley alinitazama, akamtazama Neville, akatazama chini kidogo.

"Aliyefunga ndiye anayepanda. Glenda, vaa parachuti."

"Na Neville je?"

"Mtungi wa namba nne nitaushika mimi," Neville akasema. "Panda basi, watu wanangoja!"

Nikapanda. Sakafu ilitetemeka mpaka kwenye meno. Keightley alipoinamisha bawa la kulia juu ya uwanja, niliona maelfu ya nyuso zimeinuliwa, zote zinaangalia upande wangu. Ng'ambo, karibu na kondoo, alisimama mtu mmoja na mtungi. Nililia bila aibu.

Tulipotua nikashuka kifua mbele. Umati ukavuka kamba, ukanipita, ukamkimbilia Neville, ukidhani ni yeye aliyeruka.

"Neville! Huko juu kukoje?"

Akavua kofia. "Muulizeni Glenda. Mimi sijawahi kupanda."

Tangu siku hiyo Skelby haisemi kwamba Glenda aliruka. Inasema Neville aliacha kiti chake. Nimemuuliza kuhusu ile petroli, anaapa aliisikia. Mimi nimepata safari moja, yeye kapata sifa isiyokwisha, na ningekuwa na moyo kama wake ningeliona hilo ni sawa.

Asante, Neville, kwa kazi yote na kwa ile harufu. Chama kizima kinakuombea afya, furaha na mapumziko mema. Mimi nakuombea uishi miaka mingi sana, kwa maana wivu huu hautaisha leo wala kesho.